Macho Makavu Matangani

Jumatatu, 4 Novemba
Sura ya tatu ya tasnifu yangu kuhusu Vedanta, falsafa ya Kihindi, haiendi. Ukurasa mmoja tu tangu asubuhi. Atman, nafsi ya ndani, ni shahidi tu, haizaliwi, haifi. Anayejijua hivyo yuko huru. Mchana simu kutoka Lubumbashi: baba amefariki. Nimekaa kidogo, nikarudi kuandika. Sikusikia uchungu wowote. Nikafikiri, kumbe nimeelewa.

Jumanne, 5 Novemba
Tantine Béa, dada yake baba, ameweka matanga kwake Molenbeek, huku ughaibuni, bila kuniuliza. Viti vya kuazima hadi koridoni. Kila anayeingia anapiga yowe, anaketi, anapewa soda. Mimi macho makavu. Wananitazama kama mwizi.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimechoka nao. Kwetu mfiwa asiyelia husemwa ana mkono wake katika kifo. Leo nimeyasikia jikoni, kwa masikio yangu. Tonton Floribert, mume wa tantine, kanivuta pembeni: "Weye mutoto wa kwanza, hata chozi moja? Bon, shika mouchoir hii, jifunike nayo macho." Nikamweleza kwamba kilichokufa ni mwili. Kaitikia kwa adabu, kisha kaenda kuwaambia wenzake nimeingia dini ya Wahindi. Sina dini ya Wahindi. Nina tasnifu.

Jumamosi, 9 Novemba
Tantine amemwambia mama kwamba silii. Mama kanipigia kutoka Lubumbashi: "Uko na furaha?" Basi. Nikamwanzia mhadhara wa Vedanta. Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu maishani.

Nimetembea kando ya mfereji hadi vidole vikafa ganzi. Hasira kwa tantine, kwa tonton, kwa mama, kwa mvua. Shahidi gani huyu anayewaka hivi? Mtu huru hasagi meno. Nikajiuliza kama ninavyowaandikia wengine katika tasnifu wajiulize: anayekasirika ni nani, na kwa nini? Nikaondoa kimoja kimoja. Si mvua. Si tantine. Chini kabisa nikamkuta baba. Tangu niache masomo ya udaktari kwa ajili ya falsafa hakusema nami. Nilikuwa nangoja apige simu. Sasa hatapiga. Utulivu wangu wote ulikuwa kununa.

Jumapili, 10 Novemba
Nimempigia mama. Kapokea. Nikamwambia sina furaha. Nimemnunia baba, amekufa kabla ya kusema nami.

Nyuma yake wanawake walikuwa wakiosha masufuria.

"Hata mimi nimemununia," akasema.

Kisha akalia. Nimemsikiliza hadi mwisho, bila kumfundisha kitu.