Nguo za Tipoko

Jumanne, 3 Machi 1998. Abidjan.

Norbert amepiga simu ofisini kwa watengenezaji wa filamu, saa nne asubuhi. Mama yake, mke wangu Tipoko, amelazwa tangu juzi. Anapumua kwa shida. "Baba, njoo." Nimemwambia nimebakiza sehemu moja tu ya kuigiza, ile ya kufa kwangu, nitapanda treni ya Alhamisi. Akajibu: "Haya, Baba. Nitamwambia."

Mwongozaji alikuwa tayari kuniruhusu leo hii. Nilikataa mwenyewe. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 4 Machi.

Nimekufa mara nne leo. Mara ya nne ikakubaliwa. Mafundi wa kamera walipiga makofi, binti wa vipodozi akalia. Mwongozaji akasema hajapata kuona mtu akikata roho vizuri namna ile. Nilifurahi. Hilo nalo niliandike.

Jioni Norbert amepiga tena. Tipoko ametutoka saa sita mchana.

Saa sita nilikuwa nimelala mbele ya kamera, nikifa kwa mara ya pili.

Ijumaa, 6 Machi. Ouagadougou.

Treni ilikwama Bobo-Dioulasso kwa muda wa saa tano nzima. Wamezika jana. Joto halikuruhusu kungoja.

Ua umejaa watu. Zerbo, jirani yangu wa kabila la Wasamo, mtani wangu, alinipokea mlangoni kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima: "Mtumwa wangu huyo! Kafika vyombo vimeshaoshwa. Mkeo kachoka kungoja, kaenda zake." Watu wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na mimi kwa kawaida humjibu. Leo nilimkabidhi begi langu tu. Akanitazama, akaacha utani, akanishika mkono.

Jumamosi, 7 Machi.

Wazee wamemchagua Delwendé, mke wa Norbert, avae nguo za marehemu na kumwiga mpaka matanga yaishe. Ni desturi yetu. Wanangu watamwita mama, nami nitamwita mke wangu. Atakaloniuliza sharti nilijibu, kama ningemjibu mwenyewe.

Nilimwambia Norbert kwamba mkewe hajui kuigiza. "Haigizi, Baba. Amekaa na Mama miaka tisa." Hakuniuliza mimi nimekaa naye miaka mingapi. Ndoa yetu ina thelathini na minane.

Mwaka wa kwanza Tipoko alikuwa akisema nami Kifaransa. Nilikuwa mwalimu kabla ya kuingia jukwaani. Nilimsahihisha kila sentensi, hata mbele ya wageni. Siku moja akaacha. Tangu hapo ikawa Kimoore chetu tu. Nikadhani lugha imemshinda. Wala hakuja hata mara moja kunitazama jukwaani — nikadhani hapendi kazi yangu. Sikumwuliza.

Jumapili, 8 Machi.

Asubuhi hii Delwendé ametoka chumbani amevaa kitenge cha buluu cha Tipoko, kilemba chake, na ndala zake zilizolika kisigino cha kushoto. Bega moja juu, kama mwenyewe. Akaanza na Norbert: "We, mlango huo! Ulizaliwa sokoni?" Norbert, mtu mzima mwenye mvi, akaenda kuufunga. "Nisamehe, Mama." Wanawake walicheka huku wanalia.

Kisha akasimama katikati ya ua, mikono nyuma, kidevu juu. Nilichelewa kumtambua. Alikuwa mimi. Yaani alikuwa Tipoko, akiniiga mimi. Akasema maneno ya mfalme niliyemcheza mwaka 1976, yote, kwa Kifaransa. Kwa mazoea nilitafuta kosa. Sikulipata.

Dada yake Tipoko akaniinamia: "Shemeji, hujui? Kila ukisafiri alikuwa anatufanyia hivi jikoni. Chungu kinaungua, yeye anasema, tulieni nyie, mume wangu anaingia."

Maneno yale nilikuwa nikiyakariri usiku nikiuelekea ukuta. Nilidhani amelala.

Nimeingia ndani kwa kisingizio cha kutafuta miwani. Delwendé amenifuata. Yuko mlangoni, mikononi ana kibuyu cha maji ya unga wa uwele. Hivyo ndivyo Tipoko alivyonipokea kila niliporudi safari, na neno lake lilikuwa moja: "Umefika?" Nami jibu langu moja: "Nimechoka." Nikanywa, nikalala.

Ameniuliza sasa hivi. "Umefika?" Sauti ni ile ile.

Nje Zerbo anasema, safari hii kwa upole, "Mtumwa, mkeo anakuuliza." Nimeshika kalamu kama mtu mwenye kazi ya haraka. Kila nilichowahi kusema vizuri mbele ya watu kiliandikwa na mtu mwingine.

Kibuyu ni kizito. Mikono yake imeanza kutetemeka, maji yanamwagikia ndala. Mikono ya Tipoko haikutetemeka kamwe.

Au sikuwahi kuitazama.

Anauliza tena.