Laptopu ya Kwaya Haikuwa na Kirusi

Baba Atupele wangu,

Huku kwetu Mpemba tupo, tunakukumbuka. Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma, nikasema hili lazima nikuandikie, hata kama safari hii huwezi kunibishia.

Banda lako la kutengeneza kompyuta sijalifunga. Mwanzoni baada ya msiba, mteja akiuliza, "Fundi yuko wapi?" nilikuwa naangua kilio mbele yake. Siku hizi namjibu, "Fundi ndiye huyu." Miaka yote ile nikikushikia bisibisi, ulidhani nasinzia?

Sasa sikia. Leo Jumamosi mwalimu wa kwaya kaja mbio na laptopu ya kwaya. Mshale unatembea wenyewe, unafungua mafaili, na umeshafuta ratiba nzima ya ibada! Fundi mmoja wa mjini kashamwambia ni kirusi, dawa yake kufuta kila kitu na kupiga window upya. Wanakwaya nao wameshaiombea, wameiwekea mikono kabisa. Na nyimbo zote mlizorekodi wewe na wanakwaya wenzako zimo humo tu, na sauti yako sina pengine pa kuisikia.

Nikasema, "Mwalimu, hapa hafuti mtu." Halafu nikakumbuka ulivyozoea kusema: "Kirusi msimsingizie, hana wa kumtetea. Shikeni mashine kwanza." Nikaiweka mezani, ikayumba. Laptopu haikai sawa! Nikafungua chini, loo, betri imevimba kama andazi, inaisukuma kutoka ndani ile sehemu ya kupapasa kwa kidole. Ndiyo maana mshale ulikuwa hautulii. Nikaitoa betri polepole bila kuichokoa, kama ulivyonionya, nikawasha kwa chaja. Mshale tuli! Nilipiga vigelegele mpaka dereva wa lori pale barabarani akanijibu kwa honi.

Tukafungua wimbo. Besi yako hiyo, imeingia kabla ya wenzako, kama kawaida yako! Mwalimu, aliyekuwa akikugombeza kila mazoezi, alicheka hadi akatoa leso. Kisha akaniuliza kama naweza kulikata lile kosa, maana wanataka kuusambaza wimbo.

Kukata najua. Nikamwambia sijui.

Nyimbo nimezinakili kwenye flashi tatu, moja nimempa Atupele. Pumzika, mume wangu. Nakuahidi, maadamu mimi ndiye fundi hapa, hiyo besi haiguswi.

Mkeo,
Mama Atupele