Mguu wa Mume Wangu na Mdomo Wangu

...basi tuliishia wapi? Nilikuwa nawapa habari ya soksi, stima ikapotea, simu ikazima. Leo Jumatano, jua la kupasua kitwa, upepo hakuna. Stima imerudi. Nanena na simu yaandika, maneno yakikaa upande msinicheke, shule mie niliiaga mapema.

Soksi. Mume wangu Bwana Athmani avaa soksi. Kisiwani Amu, Lamu yenyewe, na jua hili! Fundi aliyekaa chini miaka yote akichonga milango, miguu kainyosha, kila apitaye amwona, sasa ni kikoi na soksi nyeusi mpaka magotini. Siku nyingine ningekuwa wa kwanza kucheka. Sicheki. Wala silii. Tangu tutoke hospitali niko kama ufizi uliodungwa sindano ya ganzi: naugusa, najua upo, siusikii.

Mwanzo lilikuwa doa kwenye unyayo. Zambarau, kama tunda lenyewe. Akasema ni miba ya baharini, ile myeusi ya wale wanyama wa miambani, ikikuvunjikia mguuni huacha rangi. Nikaamini. Nani hapa hajachomwa na ile? Nikawa nampaka utomvu wa papai asubuhi na jioni, najiona daktari. Doa wala halikumuuma. Likazaa jingine, yakapanda mguu, na mguu ukavimba mpaka kiatu kikakataa.

Hospitali wakatupima damu sote wawili, kisha wakamkata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi daktari akasema neno moja, kansa, na Bwana Athmani akainuka akatoka nje. Hakurudi ndani. Nikabaki na muuguzi, mama mmoja mpole, nikamuuliza mpaka akaomba maji. Mwanijua kwa kuuliza.

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema jambo moja tu. "Mama Fatuma, nakuomba. Hili lisitoke mdomoni mwako."

Angeniomba bangili zangu za dhahabu ningempa huku naimba. Hili nikaahidi kwa shida.

Na Mombasa hataki kwenda. Dawa iko huko, yeye asema watu watauliza aenda kufanya nini. Msikitini ameacha, yeye wa safu ya mbele, kwa kuwa pale birikani kila mtu aosha miguu na kila mtu aona mguu wa mwenziwe. Atawadha nyumbani, aswali chumbani peke yake. Mguu wazidi. Muuguzi alisema tusikawie. Kila nikianza kumweleza maneno ya muuguzi aniinulia mkono, hataki kusikia.

Nami nikanyamaa. Mimi! Nina habari kubwa kuliko zote nilizopata kuwa nazo, na sina wa kumpa. Napika, nafua, nalala. Jana nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu nikaiweka chini taratibu kama bakuli la maji.

Sasa leo asubuhi nakuna nazi, aingia jirani yangu Bi Khadija. Hata hajakaa.

"Bwana Athmani yuwapi siku hizi? Msikitini hayuko, kazini hayuko."

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Yupo tu."

Bi Khadija akanitolea mato kana kwamba amemsikia paka akisema. "Yupo tu? Hiyo ndiyo habari yako wewe? Juzi umenieleza harusi ya kule Siyu mpaka chumvi ya pilau, na hukuweko!"

Nikakuna nazi.

"Haya. Basi ni kweli," akasema, pole pole.

"Kweli nini?"

"Watu wasema ana ukimwi. Mimi nilikuwa nabisha, shoga. Lakini ukinyamaa wewe, tena mtu abishe na nini?"

Hapo ndipo nilipoona. Ningeropokwa upuzi wowote, baridi yabisi, kateguka, wangeamini. Kunyamaa kwangu ndiko kulikomtangaza.

Nikainuka kwenye mbuzi, nikanena kwa sauti yangu ile mwaijua.

"Sikiza Bi Khadija, na ukaitoe ilivyo. Ana kansa ya ngozi, yaitwa Kaposi. Yaletwa na kirusi, lakini si kile cha ukimwi, ni kingine. Hicho hupita kwa mate, wengi hukipata tangu utoto, wakakaa nacho umri wote kisiwafanye lolote. Kwa wengine, kinga ya mwili ikilegea, hata kwa uzee tu, huamka. Hufanya mishipa midogo ya damu imee ovyo, ndiyo yale madoa. Ukimwi hukifungulia mlango, ndiyo maana tulipimwa. Hatuna. Na tungekuwa nao, je? Vidonge viko, watu wameza na wazeeka, na wewe ungekuja kunisalimu vilevile!"

"Haya, mbona waniparamia?"

"Sijamaliza! Kansa haiambukizi, mpe mkono, kula naye. Na dawa iko, hutiwa mshipani kwa dripu, mtu apumzika, kisha arudi tena. Madoa hufifia, uvimbe hupungua. Huenda isiondoke yote, huenda ikarudi, muuguzi hakunificha. Lakini watu huishi nayo miaka."

"Yaani si ya kufa leo?"

"Si ya kufa leo. Ila akijifungia bila dawa, hapo sina neno."

Bi Khadija akafikiri. "Na nywele zitatoka?"

"Ana upara tangu anioe, zitoke wapi?"

Tukacheka. Yeye alicheka kweli. Mimi ulicheka mdomo, ndani kimya.

Ametoka mbio, hata buibui hajalifunga vizuri. Kufikia adhuhuri mtaa wote utajua, na mara hii watajua sawasawa.

Nilipogeuka, mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Bwana Athmani yumo. Amesikia kila neno.

Hajatoka mpaka saa hii. Nazi imekaa, chai imepoa. Ahadi nimeivunja, na vile hofu yangu imekufa ganzi, hata kumwogopa siwezi. Akinikasirikia akaenda Mombasa, sawa, anikasirikie mpaka arudi. Lakini akinikasirikia na asende, nitamwendea nani tena? Nitafanya nini na mdomo huu, niliotaka kum

Ngojeni. Aniita.

"Mama Fatuma! Hiyo dripu hutiwa mkono gani? Wangu wa kulia ndio wa patasi."

Naenda.