Kitambaa Chenye Butoni

Jumapili, 8/6

Nimefua tangu asubuhi. Maji ya tatu na bado yanatoka mekundu. Vumbi ya barabara ya Niemba ni kama mugeni asiyejua kuaga.

Zamani tulicheza kwenye muchanga, pembeni ya ziwa. Pikipiki tatu, wanaume watatu, bibi zao nyuma, kila Jumamosi. Mashindano mpaka kwenye mawe na kurudi, kuoga, halafu samaki, mikebuka ya kuchoma. Sasa ziwa limepanda, limekula muchanga wote. Njo maana tunaenda Niemba. Kule ziwani hakukuwa kitu cha kugonga. Barabarani kuko mbuzi, kuko watoto, kuko wale wanaosukuma baisikeli za makala ya kupikia.

Na Deziré, bwana yangu, haoni kwa jicho la kushoto. Tangu mwezi wa pili, kipande cha chuma kiliruka pale anatengenezea pikipiki za watu. Munganga alisema lile jicho limekwisha, asiendeshe tena. Deziré akanikataza kumuambia muntu. Fundi wa jicho moja, nani atamuachia pikipiki yake? Tena njo yeye anatangulia mbele ya wote. Kukaa nyuma ya wengine, bora afe.

Basi jicho lake ni mimi. Ninakaa nyuma, mukono wangu wa kushoto kwenye mbavu zake. Gonga moja: kuko kitu kushoto. Gonga mbili: simama. Hakuna anayejua. Wanaona tu bibi anayependa kukumbatia.

Shida ni ule muchezo wa vitambaa. Kabla ya kurudi, wanawake tunatia vitambaa vya kichwa ndani ya kaske, kofia ngumu ya pikipiki, wanaume wanafumba macho, kila mumoja anaokota. Mwenye kitambaa atarudi naye. Anayekataa wanamuita wa wivu, wanamucheka mwezi muzima. Mimi ni mushonaji. Nilishona butoni ya shati kwenye pembe ya kitambaa changu, vidole vya Deziré viitafute. Tangu mwezi wa tatu ananiokota mimi tu. Ramazani, mumoja wa wale wanaume watatu, anasema Mungu ametufunga kamba moja. Ninacheka nao. Nimechoka.

Jumatano, 11/6

Zamani Deziré njo alinitungia uzi kwenye sindano. Leo nilimupa sindano, kwa kumujaribu. Alitunga hewa mara nne. Akaitupa, akatoka. Nikaitafuta kwa magoti.

Jumamosi, 14/6

Mbuzi watatu walitoka kushoto. Niligonga mbili. Gurudumu liliteleza lakini hatukuanguka. Kasongo, rafiki yetu anayetufuata nyuma siku zote, akasema Papa Neema ana macho ya mwewe. Deziré alipokea sifa bila haya. Nilitamani kumuzaba kofi.

Jumatatu, 16/6

Zaina alikuja hapa ateliye, ninaposhonea. Bibi ya Ramazani, rafiki yangu tangu shule ya primeri. Krisimasi anakula kwangu, Idi ninakula kwake. Anataka kitambaa kama changu, kitenge kile kile, eti tuwe mapacha. Akakishika pembe.

"Na haka kabutoni usikasahau. Mtindo gani huu unatuficha, Mama Neema?"

Nikamuambia haina maana, inaning'inia bure. Akasema basi hiyo ya bure njo anaitaka.

Ijumaa, 20/6

Nimemaliza kitambaa cha Zaina. Butoni niliiacha mwisho. Ningekataa, angeuliza kwa nini, na Zaina akianza kuuliza haachi. Nikaishona.

Nilimuambia Deziré: kesho usitafute butoni, nitafunga fundo. Kichwa chake kilikuwa ndani ya injini ya muntu. Alisema ndiyo.

Jumapili, 22/6

Zaina amekufa.

Niandike yote, nisije kujidanganya baadaye.

Jana tulikula. Saa tisa Kasongo akapitisha kaske. Changu nilikifunga fundo kama nilivyosema. Deziré aliingiza mukono, vidole vikatembea, vikapata butoni. Akanyanyua kitambaa juu kama amevua samaki. Cha Zaina. Zaina akapiga kigelegele.

Nilisema kichwa kinaniuma, nirudi na bwana yangu. Walicheka mpaka Anjela, bibi ya Kasongo, akakaa chini. Eti leo wivu imetoka wazi. Deziré aliniangalia. Lile jicho zima liliniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Nilikuwa na mudomo, na nilinyamaza.

Nilimuvuta Zaina pembeni. Nikamuambia ashike mbavu za kushoto, akiona kitu upande ule agonge. Alisema, "Mama Neema, sasa unanifundisha kushika bwana yako?" Akapanda. Mbavu hakushika. Alishika chuma cha nyuma, kwa heshima yangu.

Mimi nilirudi na Ramazani. Nilimuambia aende mbio, wasituache. Alifikiri ni wivu, akapunguza mwendo kwa kunichokoza. Tulipowakuta, vumbi ilikuwa bado juu. Baisikeli ya makala ilitoka kwenye njia ya mashamba, upande wa kushoto. Makala imemwagika barabara nzima. Deziré amekaa, mukono umevunjika. Mwenye baisikeli amesimama, mikono kichwani. Zaina amelala kifudifudi, kitambaa hakikutoka hata kichwani.

Gari ya mihogo ilitubeba. Nilishika muguu wake njia yote. Alikata roho kabla hatujafika mujini.

Leo mchana wanaume wamekwenda kumuzika. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Waliporudi, Ramazani alishika mukono muzima wa Deziré mbele ya watu wote, akasema ni mapenzi ya Mungu, asijilaumu. Deziré alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa ninaangalia vidole vyake.

Jumatano, 25/6

Muntu wa makala yuko kasho, polisi wamemufunga. Deziré aliwaambia polisi kwamba alijitupa barabarani bila kuangalia. Kasongo na Anjela walisema ni kweli, wakati hawakuona kitu, walikuwa nyuma yetu.

Bibi ya yule muntu wa makala anakaa nje ya polisi, pembeni ya ukuta, na sahani ya ugali amefunika. Nilimupita nikienda soko. Kurudi nilizunguka njia nyingine.

Ijumaa, 27/6

Nilimuambia Deziré akaseme. Hakukasirika.

"Nikisema, wewe utakuwa wapi? Butoni alishona nani?"

Ningependa angenipiga. Angenipiga ningepata cha kumulaumu. Lakini alisema kweli, na halafu akaomba chai.

Nilimupa chai.

Jumamosi, 28/6

Jumamosi ya kwanza bila safari. Niliamka saa kumi na mbili kama kawaida, nikakuta nimechukua termosi. Nikairudisha. Nikavaa, nikaenda kwa Ramazani.

Nilisema yote nikiwa nimesimama: jicho, kugonga, butoni, fundo. Nilisema niliona mukono wa Deziré unaokota kitambaa cha Zaina, na nilijua, na nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Kufa kwa Zaina kumetoka hapo. Hakuna pengine.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Zaina alijua?"

"Hapana."

"Angejua, angepanda?"

Nilimufikiria Zaina. Nikasema angepanda, na angegonga vizuri kuliko mimi.

Ramazani akatafuta viatu. Tulikwenda polisi kwa muguu, yeye mbele, mimi nyuma. Nikarudia yote, wakaandika. Wakamuita Deziré. Alikuja, akavua lineti nyeusi za macho ambazo amevaa wiki nzima, akasema ni kweli. Alionekana kama muntu aliyetuliwa muzigo. Nilimuchukia kwa hilo pia.

Wakamuruhusu Deziré akae nyumbani mpaka siku ya mashauri. Muntu wa makala alitoka jioni. Hakuniangalia. Bibi yake alinishika mikono miwili, akaniambia asante, mama. Hajui.

Jumapili, 13/7

Hakuna aliyekaa kwenye benchi yangu kanisani. Anjela alipita na kuangalia pembeni. Deziré amehukumiwa njiani na kila muntu, sokoni, hata kwenye bomba la maji. Anakaa uani na pikipiki yake iliyopinda, anapangusa chuma ambacho hakitatembea.

Jumamosi, 2/8

Deziré amekwenda Manono kwa kaka yake. Hakusema atarudi lini na sikuuliza. Mashauri yake yatasikilizwa mwezi ujao. Pikipiki iko chini ya turubai.

Ramazani alikuja ateliye leo asubuhi, mara ya kwanza tangu siku ile. Arobaini ya Zaina imepita juzi. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akatoa kitambaa mufukoni. Kimefuliwa, kimepigwa pasi. Hakuniita Mama Neema.

"Toa hii butoni. Kitambaa nitakiweka."

Nilikata uzi. Yalibaki matundu mawili, madogo sana. Aliyapitishia kidole gumba, akauliza kama yatajifunga. Nikamuambia akikifua mara moja au mbili, uzi wa kitenge utasogea, hayataonekana.

Alisema basi hatakifua.

Akakikunja, akarudi kwake kwa muguu. Mimi nilikuwa na suruali ya muntu ya kumaliza. Nikatunga sindano, nikaendelea.