Binti Yangu wa Ruiru

Makongeni, Thika
2 Machi 2025

Kwa binti yangu mpendwa Waruguru,

Habari za Ruiru? Natumaini barua hii itakukuta mzima kama mimi, ukiondoa goti la kushoto, ambalo baridi ikija linanikumbusha umri wangu. Kaka yako Muigai hajambo, na watoto wake wanamaliza chakula kama nzige. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Muigai ndiye hunisomea simu, na mambo ya mama na binti si ya kusomwa na mwanamume mzima huku anatafuna viazi vitamu. Mutinda anayepeleka maziwa huko atakufikishia mlangoni.

Huku hakuna habari nyingine ila ya ndoa hizi. Ukifungua redio asubuhi ni hiyo, ukienda sokoni ni hiyo. Wanasema kuna watu wanataka serikali ikubali mwanamke aoe mwanamke, na wengine wanataka hata kutaja jambo lenyewe kuwe kosa. Jumapili tuliwekewa meza nje ya kanisa tutie sahihi ya kupinga. Nilitia. Mama Syokau aliyekuwa nyuma yangu akatia mara mbili, moja ya mumewe aliyebaki nyumbani amelala. Tulicheka sana.

Sasa, una miaka thelathini na nne. Sikusukumi. Lakini Pasaka njoo, na umlete yule mwenzako Nelima unayeishi naye. Msichana yule wa Bungoma anajua kula. Krismasi alimaliza mukimo wangu mpaka akakwangua sufuria. Mimi nampenda mtu asiyenionea haya.

Mama yako,
Magdalene


Kiuu, Ruiru
9 Machi

Mpendwa Maitu,

Sijambo, na pole kwa goti. Lifunge kwa ile skafu ya sufu, usiishie kulilalamikia tu. Nelima anakusalimu kutoka kwa cherehani yake. Ana sare za shule mpaka kichwani, na anasema hakukwangua sufuria, alikuwa anakusaidia kuiosha.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nelima si mtu wa kugawana kodi ya nyumba nami. Ni mwenzangu wa maisha, mwaka wa sita huu. Ukimwita mke wangu sitakukatalia. Ninakuambia kwa sababu ulitia sahihi ukicheka, na sikutaka uwe unanicheka mimi bila kujua.

Usiniambie ni mambo ya wazungu. Jina ninalobeba ni la Maitu Mukuru, mama mkubwa wa boma lenu, mjane asiyejaliwa mtoto, aliyepeleka mbuzi na pombe kwa wazazi wa mama yako, cucu Nyokabi, akamwoa, nyumba yake isije ikafungwa kwa kukosa mrithi. Wewe ulizaliwa katika boma hilo na ukalelewa na wote wawili. Mbuzi wale hawakutoka Ulaya. Na ni wewe uliyenisimulia tukichambua maharagwe ya njahi, ukiwa na fahari.

Sikuombi ukafute sahihi. Nataka tu Pasaka nije na mtu wangu, nawe ukijua ni nani.

Mwanao,
Waruguru


Makongeni, Thika
6 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijui nijiite mzima au mgonjwa. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma chooni, nikaificha ndani ya unga. Ndiyo sababu nimechelewa.

Ya Maitu Mukuru ni mengine. Ile ilikuwa ndoa ya kutafuta mtoto wa kulinda jina la mume wake aliyekufa, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Wazee walikaa, Mungu akashuhudia. Usichanganye njahi na mawe halafu uniambie nipike.

Pasaka msije. Sijakufukuza, wewe ni damu yangu. Ila watu wamechemka, na mimi siwezi kukaa nanyi mezani nikijua ninayoyajua.

Nilipozidiwa nilipeleka ombi kwenye kikundi chetu cha akina mama. Usishtuke, sikutaja jina. Nilisema tu, niombeeni binti yangu wa Ruiru, ameingia katika mambo haya ya redioni na yule anayeishi naye. Walilia nami, Mama Kaleli akanishika mabega mpaka mwisho. Usiku huo nililala.

Kula vizuri.

Mama yako,
Magdalene


Membley, Ruiru
14 Mei

Maitu,

Salamu. Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umefungwa bendeji, lakini wa kuandika uko sawa. Nimehifadhiwa na Trizah, rafiki yetu anayefanya kazi ya nyumba hapa Membley.

Unasema hukutaja jina. Maitu, una mabinti wangapi Ruiru?

Mama Kaleli ana dada hapa Kiuu. Baada ya Pasaka wanawake wanne walikuja na Biblia wakaimba mlangoni petu. Majirani wakatoka kuuliza nani anaumwa, na wakaambiwa tunaumwa nini. Tangu hapo wateja wa Nelima walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa ambavyo havijashonwa. Mwenye ploti tuliyopanga akatuambia, "Mimi sina neno na nyinyi wasichana, lakini hii ni ploti ya mafamilia. Hameni kabla hawa vijana hawajaamua." Tulikuwa tumeshika cherehani, mimi huku yeye kule, tukiitoa getini, vijana walipoamua.

Nelima alipigwa jiwe nyuma ya kichwa. Yuko hospitalini, hasemi. Nesi aliniuliza mimi ni nani yake. Nikasema yeye ni mke wangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hapa tunaandika ndugu."

Baba yake mdogo, Khisa, amekuja kutoka Bungoma. Si mtu mbaya, analia kama mimi. Lakini amewaambia manesi nisiingie wodini. Nilipomsihi alisema, "Haya mambo siwezi ongea na mtoto. Leta mzazi wako tukae chini kama watu wazima. Nikisikia kwake, utaingia."

Mzazi wangu ni wewe. Njoo. Mweleze ya Maitu Mukuru, au usimweleze. Sema tu mimi ni mtoto wako na yule ni mtu wangu. Nataka kumshika mkono akiwa bado ana joto. Sina ombi lingine.

Mwanao,
Waruguru


Makongeni, Thika
16 Mei

Binti yangu mpendwa,

Pole, pole sana. Nimesoma nikakaa chini sakafuni. Mungu anajua sikutaka haya. Mama Kaleli ananiapia hakumwambia mtu yeyote ila dada yake, ili naye aombe.

Nitakuja. Lakini kesho kikundi kinakutana kwangu, ni zamu yangu, na tangu siku ile wananitazama kwa jicho la pembeni. Nikikosekana watajua nimekwenda wapi, na kabla sijafika Ruiru jambo litakuwa limefika kwa mchungaji. Keshokutwa ni ibada. Acha haya yapite, Jumatatu alfajiri nitakuwa njiani. Mwambie huyo Khisa aningoje. Nelima bado ana damu changa, atapona.

Nimemtengenezea uji wa wimbi, nikautia kwenye chupa ya chai usipoe. Mutinda atauleta pamoja na barua hii.

Mama yako,
Magdalene


Membley, Ruiru
2 Juni

Nelima alikufa Jumapili, mkiwa kanisani.

Jumatatu nilikuona kwenye geti la hospitali na kikapu chako, ukimuuliza askari njia. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikuvuka.

Khisa alimpeleka Bungoma. Aliyenijulisha ni mtu wa mochari, alinihurumia. Nilikwenda. Walinisimamisha nje ya ua, na nikaona watu wakipita mmoja mmoja kutupa udongo. Mimi sikutupa.

Uji ulifika. Ulikuwa bado moto.

Waruguru


Makongeni, Thika
20 Julai

Kwa Waruguru, mwenye jina la mwenye boma,

Sijui nianze kwa kukuuliza habari gani. Simu yako haishiki. Nilifika Membley, na Trizah akaniambia uliondoka na begi moja, na cherehani ukaiacha. Barua hii atakaa nayo mpaka utakapopita.

Leo kikundi chetu kilikuwa kinatoa shukrani kanisani. Mama Kaleli alisimama akasema Mungu amejibu maombi ya dada yetu Magdalene, kwamba aliyemteka binti yake ameondolewa. Watu wakapiga makofi. Wakaniita mbele nishuhudie.

Nilikwenda, na goti langu hili. Nikasema aliyekufa anaitwa Nelima, na alikuwa anakula mukimo wangu. Nikasema alikuwa mke wa mtoto wangu, na mtoto wangu anaitwa Waruguru, msije mkasema sikutaja jina. Nikasema tulimwombea mpaka tukamuua. Mchungaji akanichukua kipaza sauti taratibu, kwaya ikaanza kuimba. Nilirudi nyumbani peke yangu. Muigai hasemi nami.

Siku tulipomzika Maitu Mukuru nilikuwa mdogo, nimeshika sketi ya mama yangu. Wazee waliita mke wake atangulie. Mama akainama, akashika udongo, akautupa kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Hiyo ndiyo ningemwambia Khisa. Niliijua siku zote. Ilikuwa ni kupanda gari tu.

Chumba cha nyuma nimekifagia. Ukitaka kuja na hasira, njoo nayo. Usipotaka kuja, niandikie neno moja, hata tusi, nijue mkono wako bado unaandika.

Mama yako,
Magdalene


(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mwingine)

Mama, salamu. Nimekaa na hii barua mpaka Desemba. Hajapita na hajapiga simu. Sikuifungua. Hapa kazi imeisha na mimi narudi kwetu, kwa hivyo nimempa Mutinda akurudishie. Cherehani iko kwa askari wa geti la hapa Membley, anauliza kama kuna mwenyewe.

Trizah