Kipimo cha Mama

Nairobi, 4 Januari 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeuona mwaka mpya mkiwa wazima, wewe na mdogo wangu Apolinaria. Mimi sijambo, ila kazi inanila. Yule mtoto wa viraka aliyejifunza kushona barazani kwa Mzee Kanji pale Kanyenye, leo wake za mabalozi wanampangia foleni, na kila gauni lina jina la Katarina nyuma ya shingo.

Gazeti moja la hapa linataka picha yako ukiwa umevaa gauni langu. Nitumie vipimo kwa nyuzi, kama ulivyonifundisha: fundo moja kifua, mawili kiuno, matatu nyonga. Nitakushonea la hariri.

Mwanao,
Katarina

Kijijini, kupitia Igalula
26 Januari 1975

Mwanangu Katarina,

Marahaba. Sisi hatujambo. Tulihamia kijiji kipya mwezi wa tisa, mihogo tuliiacha kule kule shambani. Mvua inasuasua. Barua hii ananiandikia Ndugu Justus, katibu wa kijiji, naye anakusalimu. Mengine yote ni salama.

Nyuzi nimejipima mwenyewe. Ziangalie vizuri, mwanangu. Ziangalie mara mbili.

Mama yako

Nairobi, 15 Februari 1975

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia huko ni salama. Lakini nyuzi zako zimenichekesha. Kiuno kile ni cha msichana. Bila shaka umempima Apolinaria, au uzee umekuingia vidoleni. Usijali. Hapa wananisifu kwamba nakata kwa jicho, sasa nitashindwa na mama aliyenibeba? Nyuzi nimezitupa. Gauni nimelikata na kulishona kwa mkono wangu, sikumwachia fundi yeyote.

Mpiga picha atakuja baada ya Pasaka. Usimnunie.

Mwanao,
Katarina

Kijijini, kupitia Igalula
3 Aprili 1975

Mwanangu Katarina,

Marahaba. Leo anaandika Apolinaria, amekuja likizo. Nilipojipima zile nyuzi yeye alikuwa shuleni. Kiuno kile ni changu.

Ni njaa, Katarina. Tunakula mara moja kwa siku, siku nyingine mboga za porini tu. Ningemwambiaje katibu aandike kwamba kijiji chake kina njaa? Nikasema moyoni, mwanangu ni fundi, uzi ataujua. Hukuujua. Imeniuma, sikufichi.

Gauni ni zuri mno. Nililivaa tukaenea humo wawili, mimi na upepo. Apolinaria alicheka, kisha akalia. Nikalipeleka kwa mke wa Masolwa, mwenye duka karibu na stesheni, mama mwenye mwili wake. Likamkaa kama alipimwa yeye, akanipa madebe mawili ya mahindi. Siku ya Pasaka tulikula. Magauni yako yamewavisha wengi, mwanangu. Mimi hili limenilisha.

Mpiga picha alishuka jana. Alimkuta mama yule dukani amelivaa, akasoma jina lako shingoni, akampiga picha nyingi, akarudi na treni ya jioni. Huku kijijini hakufika. Mama yule anasema aliitwa mama Katarina, akaona haya kumkatiza mgeni.

Ukiiona picha gazetini, watu watakusifu kwamba mama yako ana afya. Uwajibu utakavyo. Ila njoo mwenyewe, na usichelewe.

Mama yako