Uso wa Mama Kwenye Mkebe

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
Jumanne, 11 Machi 2025.

Mpendwa dada Nafula,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, nikitumaini Mungu bado anakulinda huko Doha na lile joto lenu. Mgongo je, umepata nafuu? Na yule mama unayemfanyia kazi, amepunguza maneno? Sisi afya tunayo, tunashukuru. Masinde anaendelea na kazi kiwandani, na watoto wamerefuka hivi kwamba viatu ulivyowatumia Krismasi vimeanza kuwabana.

Afya tunayo, ila amani hatuna. Dada, ninaogopa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nambari yangu imeandikwa kwenye kila mkebe wa unga wa uji ninaouuza, na watu nisiowajua wananipigia kutwa kucha kunitukana, kwa hivyo nimeizima. Job, jirani yetu, ataipiga picha barua hii akutumie, uisome jioni wakikurudishia simu yako.

Mambo yalianza hivi. Mwezi jana niliona ukurasa mpya mtandaoni unauza "Uji wa Kukhu", jina letu lile lile, kama wanangu wanavyomwita bibi yao, na picha ile ile ya Mama na kitambaa chake cha kijani. Bei yao chini kuliko yangu. Kwanza nilicheka, nikasema kizuri huigwa. Kumbe walishanitangulia. Waliwaandikia wasimamizi wa mtandao kwamba mwigaji ni mimi, na ukurasa wangu ukafungwa. Nilipolalamika, niliulizwa cheti cha alama ya biashara. Nikatuma kile cha jina la biashara, kile nilichokitia fremu na kukitundika ukutani. Wakanijibu kwamba hicho sicho.

Mugo wa kanisani kwetu, yule aliyesomea sheria, alinieleza tofauti. Cheti changu kinaonyesha tu kwamba ninafanya biashara kwa jina hilo. Alama yenyewe, jina na picha zinavyokaa kwenye mkebe, husajiliwa kivyake, na huchukua miezi. Miaka yote hii nimelala nikijua mlango umefungwa, kumbe ni pazia.

Halafu Alhamisi Jacky wa ghorofa ya tatu akaingia dukani mbio, ameshika mkebe, analia. "Beldina, hii si ni sura ya mathako? Nilipea mtoi hii uji jana, saa hii ako na drip hosi!" Alikuwa ameununua kwenye ule ukurasa kwa ajili ya bei, na sasa mtoto wake amelazwa hospitalini. Nilitaka kumwambia mkebe huo si wangu. Lakini, dada, ulikuwa wangu. Kifuniko changu, karatasi niliyoibandika kwa mikono yangu. Wajua huku hakuna anayetupa mkebe mzuri. Utatiwa sukari, utapandwa dania, na ukichoka unauzwa kwa wanunuzi wa plastiki. Watu hao wamekusanya mikebe yangu mitupu wakaijaza unga wenye ukungu. Nitamwapia nani anisadiki?

Jacky simlaumu, ni mama mwenye uchungu. Aliweka picha ya mkebe kwenye WhatsApp ya mtaa akasema uji huu ulitaka kumwulia mtoto. Sasa picha imezunguka Tassia yote, imevuka hadi Pipeline, na kila anayeitazama anaona uso wa Mama. Masinde ameandikisha ripoti polisi, tunangoja. Jumapili tukitoka kanisani nilipitia dukani, na vijana wakaja kuupiga mlango mateke nikiwa ndani. Nilijibanza nyuma ya magunia ya wimbi, nikamsikia mmoja wao: "Huyo mathe wa kwa mkebe tukimpata huku, hatuulizi maswali."

Na Mama anakuja Ijumaa. Ana kliniki ya macho. Nilimpigia kwa simu ya Job nikamsihi abaki Kimilili, akaniambia, "Mimi sijamwua mtu, nijifiche kwa nini?" Atashuka hapa na kitambaa kile kile. Na unamjua mama yetu. Akiuona mkebe mahali popote lazima auonyeshe kidole na kuwaambia watu, "Huyo ni mimi."

Kuna jambo unaloweza kufanya ukiwa huko. Mugo anasema picha ni mali ya aliyeipiga, na aliyeipiga ni wewe, ile Krismasi kabla hujaondoka. Kama bado unayo ile ya kwanza kwenye simu yako, waandikie wasimamizi kwamba imetumiwa bila idhini yako. Malalamiko ya picha hayangoji cheti cha alama. Mugo ameshakuandalia maneno, na Job atayatuma pamoja na barua hii. Tafadhali, usilale kabla hujayatuma.

Lakini hata ukurasa ukifungwa usiku wa leo, mikebe iko majumbani na picha iko kwenye simu za watu. Ikibidi walichukue jina, walichukue, mimi nitauza mandazi. Mama hawezi kubadilisha uso.

Mtoto wa Jacky ameanza kunywa maziwa, Mungu ashukuriwe. Masinde anakusalimu sana. Seth na Eve wanamsalimu mama yao mkubwa. Nisalimie Mirriam mnayekaa naye, na Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Sasa nisikilize, dada. Mama hanisikii mimi, wewe atakusikia. Mpigie. Usimtajie vijana, hatawajali. Mwambie umepata likizo, unafika nyumbani Ijumaa, akungoje hapo hapo Kimilili. Ataiacha kliniki. Atafagia uwanja, atachinja kuku, na atakaa mlangoni akiitazama barabara mpaka giza liingie. Najua ni dhambi kumfanyia hivyo baada ya miaka yote hii aliyokungoja. Nimetafuta uongo mwingine wa kumzuia nikaukosa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Beldina